Boma la Tabora Lifunguliwe: Barua ya Wazi

Kwa: Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Waziri wa Maliasili na Utalii, Bodi ya Makumbusho ya Taifa, Mkuu wa Mkoa wa Tabora, na Baraza la Madiwani la Manispaa ya Tabora

YAH: KULIFANYA BOMA LA KIJERUMANI LA TABORA KUWA MAKUMBUSHO YA MKOA

Waheshimiwa,

Naandika kuomba jambo moja. Boma la Kijerumani la Tabora, ngome iliyojengwa kwa ajili ya askari na iliyobaki katika matumizi ya kijeshi hadi zama zetu, likabidhiwe kwa mkoa hatua kwa hatua na kufanywa makumbusho ya wananchi. Nimewaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu hakuna kati yenu anayeweza kulimaliza jambo hili peke yake. Ufunguo wa lango uko Wizara ya Ulinzi. Sheria ya kulilinda jengo iko Maliasili na Utalii. Utaalamu wa kuhifadhi na kuonyesha uko Makumbusho ya Taifa. Wakazi wa mji, ambao watoto wao ndio watakaoingia, wako chini ya mkoa na manispaa. Suala lenye wahusika wengi kiasi hiki huzunguka kwenye mafaili hadi likasahaulika, kila ofisi ikisubiri barua ya mwenzake. Nimeliandika hadharani ili jibu lake lisubiriwe na watu wengi.

Niweke wazi mapema nisichoomba. Siombi jumba la kuwasifu Wajerumani, wala hoteli ya watalii yenye kuta nene. Hoja yangu ni kwamba historia ya njia ya misafara imehifadhiwa kwa majina ya wageni waliopita, ilhali waliobeba, waliolinda na waliopigana, yaani wapagazi, rugaruga (wapiganaji wa watemi) na askari, hawana hata chumba kimoja chao katika mji ambao miguu yao ndiyo iliyoufanya uwe mji. Boma ndilo jengo linalowastahili. Hapo, na katika mashamba yanayolizunguka, ndipo mambo yao yalipogeuka: mpagazi akawa askari, mtemi akawa mtawaliwa, njia ya miguu ikapisha reli, na mwishowe jeshi la mkoloni likapisha jeshi la taifa huru.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kilomita zipatazo 1,200, kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Unyanyembe, nchi ulipo mji wa Tabora. Tabora ilikuwa njia panda ya safari hiyo: tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ziwa Tanganyika, jingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na jingine kusini-magharibi kuelekea Ufipa na nchi za mbele yake. Richard Burton alipofika Novemba 1857 aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga matembe yao na kupanda bustani. Lakini Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe pwani kabla Waarabu hawajafanya makao Unyanyembe, na bila wao biashara ile isingetembea hata siku moja. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mtu aliongeza mkeka, chungu na silaha yake. Mbele alitangulia kirangozi, wanyampara wakisimamia makundi, na wengi walisafiri na wake zao. Ujira ulijadiliwa na kulipwa kwa vitambaa. Wapagazi waliweza kugoma, kutua mizigo barabarani au kutoroka usiku tajiri alipovunja ahadi. Hawa walikuwa wafanyakazi wa kulipwa, wenye ufundi, heshima na masharti yao, katika nchi ambayo vitabu vingi huifundisha kana kwamba kazi ya mshahara ililetwa na mkoloni.

Sasa tutazame historia hiyo inasimuliwa wapi leo. Mtu akifika Tabora akauliza makumbusho, ataelekezwa Kwihara, kwenye tembe la Livingstone. Ni mahali pa thamani na sina neno la kulipinga. Hata hivyo Livingstone alikaa pale tangu Februari hadi Agosti 1872, muda wa nusu mwaka tu, akisubiri watu na vifaa ambavyo Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Na sehemu nzito zaidi ya kisa chake Unyanyembe inawahusu wengine. Alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wafuasi wake wakiongozwa na Chuma na Susi waliukausha mwili na kuubeba hadi pwani. Oktoba mwaka huohuo walifika Unyanyembe na kumkuta afisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike hapohapo. Walikataa. Waliendelea na safari, wakafika Bagamoyo Februari 1874, na Aprili mwili ukazikwa London katika Westminster Abbey. Uamuzi huo mkubwa ulifanywa na wapagazi, kwenye ardhi ya Tabora, kinyume cha shauri la afisa wa Kizungu. Jina lililo kwenye kibao ni la aliyebebwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka yote hii mgeni amekuja, akapewa nyumba na kibao, na mwenyeji bado anasubiri kupona.

Boma lingeanza simulizi pale Kwihara inapoishia. Baada ya Emin Pasha kupandisha bendera ya Kijerumani Tabora mwaka 1890, mtemi Isike wa Unyanyembe alikataa kutawaliwa. Mashambulizi ya mwaka 1892 dhidi ya ngome yake yalishindwa. Januari 1893 kikosi cha afisa wa Kijerumani Tom von Prince kilivunja kuta, na Isike, alipoona adui amekwisha kuingia, akalipua ghala lake la baruti. Alikamatwa akiwa mahututi, akanyongwa. Ngome ya Kijerumani iliyotawala Tabora baada ya hapo ilisimama kwa sababu ngome ya Mnyamwezi ilianguka. Lakini makumbusho ya kweli hayataishia kwenye ushujaa. Yatalazimika kueleza kwamba waliovunja kuta za Isike hawakuwa Wazungu watupu, kwamba kulikuwa na Waafrika waliompinga na kuwasaidia wavamizi, na kwamba katika miaka iliyofuata Unyamwezi ikawa moja ya sehemu zilizotoa askari wengi zaidi wa jeshi la Kijerumani. Kijana ambaye baba yake alibeba pembe sasa alibeba bunduki ya Kaisari. Kwa nini? Ujira, uhasama wa watemi, kufifia kwa biashara ya misafara, tamaa ya heshima: hayo ni maswali ambayo mwanafunzi wa Tabora anastahili kuyajadili akiwa amesimama mahali yalipotokea.

Baada ya hapo ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na kwa miezi michache Tabora ikawa kitovu cha koloni zima. Reli ya Kati ilikuwa imefika mwaka 1912, na mwaka 1914 ikaingia Kigoma. Pwani ilipokuwa hatarini, serikali ya Kijerumani ilihamishia makao yake Tabora. Huko, mwaka 1916, katika karakana ya reli, zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga, Kilimanjaro nyuma yake, na chini herufi T ya Tabora. Upande wa pili una tai wa Kijerumani. Leo sarafu hiyo ni kitu cha kutafutwa na matajiri wa Ulaya na Marekani, hununuliwa kwenye minada kwa bei kubwa. Ni wakazi wangapi wa Tabora waliowahi kuiona, hata kwa picha? Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake walikuwa Wakongo, yaliingia mjini. Kamanda wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni wenye jina la Tabora ndani yake, na jijini Brussels hadi leo kuna mtaa unaoitwa Tabora. Ubelgiji imeikumbuka Tabora kwa barabara na cheo cha ukoo. Tabora yenyewe haina mahali pa kumweleza mtoto nini kilitokea siku ile, wala wapagazi wa vita walichukuliwa vijiji gani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kufikia 95,000, wengi kwa njaa na magonjwa. Askari ana sanamu yake Dar es Salaam tangu 1927. Mpagazi wa Unyamwezi, aliyekufa na mzigo kichwani, hana chochote nyumbani kwake.

Kuna sura ya tatu, na hii inaligusa jeshi letu moja kwa moja. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na mara baada ya hapo uasi ukafika kwa wenzao wa kikosi cha pili katika kambi ya Kalewa, Tabora. Madai yao yalihusu mishahara na kuendelea kwa maafisa wa Kiingereza katika nafasi za juu. Serikali ililivunja jeshi hilo la kurithi, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lenye msingi tofauti: raia mwenye silaha, anayelitumikia taifa na si mfalme. Mtu hawezi kuyaelewa mageuzi hayo bila kuielewa Tabora, mji ulioona jeshi la mtemi, la Kaisari, la Wabelgiji, la Waingereza na la Jamhuri. Hakuna taasisi yenye sababu nzuri zaidi ya kulifungua Boma kuliko JWTZ yenyewe, kwa kuwa simulizi nzima, kuanzia rugaruga hadi mwanajeshi wa leo, inaishia kwa heshima yake.

Ombi hili si geni katika ukanda wetu. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ilitumika kama gereza la serikali ya kikoloni hadi 1958. Miaka miwili baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa gereza hadi 1984, kisha ikakabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na sasa ina maktaba na mikutano ya mji. Hapa kwetu, Boma la Kijerumani la Arusha limekuwa Makumbusho ya Taifa ya Elimu Viumbe tangu 1987. Mfano wa karibu zaidi na ombi langu ni Iringa. Jengo lililokuwa hospitali ya askari wa Kijerumani, na baadaye ofisi za serikali, lilikarabatiwa kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Iringa haikusubiri Dar es Salaam iilete historia ya Wahehe. Chuo cha mkoani, halmashauri na wazee walikaa meza moja. Tabora, yenye historia isiyopungua upana wa ile ya Iringa, haina sababu ya kushindwa.

Kuna kizingiti cha kisheria ambacho wengi hawakijui, na ndicho kinachofanya suala hili liwe la haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na ngome zilizojengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo yaliyojengwa baada ya hapo hupata ulinzi pale tu Waziri anapoyatangaza. Mstari huo unaliacha nje kila boma la Kijerumani nchini, maana Wajerumani walikuja zaidi ya miaka ishirini baadaye. Kwa maneno mengine, umri wa Boma la Tabora peke yake haulikingi na nyundo wala saruji. Na saruji ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Kuta za kale zilizojengwa kwa mawe, udongo na chokaa hupumua. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi zinapanda, na baada ya misimu michache ya mvua lipu inabanduka na jiwe linaanza kuliwa. Ukarabati wa nia njema, unaofanywa na fundi asiyeelekezwa, unaweza kuliharibu jengo haraka kuliko kuliacha lilivyo. Tamko la Waziri lina maana kwa sababu linamlazimisha kila anayetaka kugusa ukuta aombe kibali na apate maelekezo kwanza.

Najua mapingamizi yatakayotolewa, nayo yanastahili majibu. La kwanza ni usalama. Itasemwa kwamba eneo la jeshi si mahali pa wanafunzi na kamera, na kwamba jeshi halihami kwa kuwa mwandishi ameandika barua. Nakubali kwamba mahitaji ya ulinzi yanatangulia. Lakini ngome iliyojengwa kuzuia mishale na magobori haina tena thamani ya kivita. Thamani yake kwa jeshi ni ya ofisi na ghala, na mambo hayo yanaweza kujengewa mahali pengine kwa utaratibu. Siombi jeshi lihame mwezi ujao. Naomba makubaliano ya maandishi yenye hatua: kwanza lango na uwanja wa mbele vifunguliwe kwa siku maalumu, chini ya uangalizi wa jeshi lenyewe, kisha chumba kimoja au viwili vya maonyesho, na makabidhiano kamili pale ofisi mbadala zitakapokuwa tayari. Mombasa na Lamu waliyageuza magereza yaliyokuwa na wafungwa ndani. Sisi tunazungumzia jengo lililo mikononi mwa jeshi la wananchi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wenye uchungu wa haki. Watasema: kwa nini tuitunze nyumba ya aliyetunyonga? Kwa nini mtoto wa Mnyamwezi akastaajabie ukuta wa waliomuua Isike? Jibu langu ni kwamba jengo halichagui litasema nini. Linasemeshwa na wenye ufunguo. Kalenga, mkoani Iringa, fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 linatazamwa kama ushahidi wa ukatili na ushahidi wa upinzani kwa pamoja, wala hakuna anayetoka pale akimsifu Tom von Prince. Songea ina makumbusho ya Majimaji, na hapo ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokwenda Novemba 2023 kuomba msamaha. Ombi hilo lilikuwa na uzito kwa sababu palikuwa na mahali, makaburi na majina ya kutazamwa ana kwa ana. Ukiubomoa ushahidi unamwondolea mkosaji mzigo. Zaidi ya hapo, Boma likibaki limefungwa, historia yake inaendelea kuandikwa kwa shajara za maafisa wa Kijerumani zilizohifadhiwa Ulaya, kwa kuwa hakuna meza Tabora ya kuziwekea simulizi za upande wa pili. Na haki inadai tujiangalie na sisi. Njia hii ilipitisha watumwa. Walikuwapo Waarabu walionunua, watemi waliouza, na koo ambazo utajiri wake ulitoka huko. Wapagazi wa kulipwa na mateka waliofungwa minyororo walitembea kwenye vumbi moja. Makumbusho yatakayoogopa kusema hilo yatakuwa tangazo la biashara, na wageni watalijua siku ya kwanza.

Pingamizi la tatu ni fedha, na hapa sitaki kuwapa matumaini ya bure. Kutangaza si kutunza. Beit-el-Ajaib ya Zanzibar ilikuwa jumba mashuhuri kuliko yote ya pwani, ndani ya Mji Mkongwe ulio katika Urithi wa Dunia, na bado sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Makumbusho ya Tabora yakianzishwa kwa mbwembwe ya uzinduzi na fedha za mfadhili pekee, yatakwisha pale mradi utakapokwisha. Ndiyo maana naomba jambo dogo lakini la kila mwaka: kifungu katika bajeti ya manispaa kwa ajili ya paa, mifereji ya maji, walinzi na mwongozaji mmoja aliyesomea kazi. Kinachoangusha majengo ya kale ni paa linalovuja kwa miaka kumi bila mtu wa kulipanda. Fedha za nje, zikiwamo za Ujerumani ambayo ina deni la kimaadili hapa, zitumike kwa kazi ya mara moja: upimaji, uimarishaji wa kuta, makabati ya maonyesho, nakala za nyaraka na picha za Tabora zilizoko huko. Mishahara na paa tubebe wenyewe, kwa viingilio, ukodishaji wa uwanja kwa shughuli za mji, na mgao wa halmashauri.

Pingamizi la nne ni kwamba watalii hawaji Tabora, na hao wachache wanatosheka na Kwihara. Hesabu hiyo inaanzia kwa mtu asiyehusika. Mgeni wa kwanza wa makumbusho haya ni mwanafunzi. Tabora ni mji wa shule. Julius Nyerere alisoma Tabora tangu 1937, akarudi kufundisha St. Mary's, na Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU uliofanyika mjini humo ukakubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alimchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, uamuzi uliofungua njia ya uhuru. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na mwalimu anayelifundisha anahitaji mahali pa kuwapeleka watoto zaidi ya ukurasa wa kitabu. Mgeni wa pili ni msafiri wa ndani. Treni ya SGR ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma vimo katika ujenzi. Reli hiyo, kama ile ya 1912, inafuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo wa misafara. Kwihara na Boma hazigombanii mgeni mmoja: ya kwanza inaonyesha safari ilivyokuwa, ya pili inaonyesha utawala ulivyoingia na ulivyotoka. Serikali yetu iliipeleka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ikiitaja Kwihara miongoni mwa vituo sita. Miaka imepita na njia hiyo bado iko kwenye orodha ya awali. Boma lililo wazi na linalotunzwa lingeyapa maombi hayo nguvu ambayo karatasi haziwezi kuyapa.

Mwisho wa hoja, nieleze kwa nini nasisitiza makumbusho ya mkoa badala ya tawi linaloendeshwa kutoka makao makuu. Utaalamu wa Makumbusho ya Taifa unahitajika, na vifaa vyenye thamani kubwa vinapaswa kuwa chini ya sheria yake. Lakini kinachokosekana hapa hakiko kwenye stoo za Dar es Salaam. Kiko Unyanyembe, Urambo, Igunga, Nzega na Sikonge: majina ya watu, nyimbo za kazi, ngoma za watemi, mikuki iliyofichwa darini, vyeti vya askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, vilivyohifadhiwa kwenye masanduku ya bati. Familia hazitavitoa kwa mtu wa mbali anayekuja na fomu. Zitavitoa, au kuviazimisha, kwa kamati ambayo mjumbe wake anajulikana msibani na harusini. Chuo cha Ardhi Tabora kinafundisha upimaji na ramani. Wanafunzi wake wanaweza kulipima Boma chumba kwa chumba, ufa kwa ufa, kama sehemu ya mafunzo yao na chini ya usimamizi wa Idara ya Mambo ya Kale. Michoro hiyo itakuwa kumbukumbu hata likitokea la kutokea.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba kila mmoja wenu atende lile lililo ndani ya uwezo wake. Waziri wa Maliasili na Utalii alitangaze Boma la Tabora kuwa jengo linalolindwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale, au kama tamko lilikwisha kutolewa, lisomwe hadharani na libandikwe langoni. Waziri wa Ulinzi aridhie makubaliano ya hatua tatu niliyoyataja, na ateue afisa mmoja wa kuyafuatilia. Bodi ya Makumbusho ya Taifa itoe mtaalamu wa majengo ya kale kabla fundi yeyote hajapiga lipu wala rangi. Mkuu wa Mkoa aunde kamati ya wazee, walimu, wawakilishi wa koo za watemi, wa jamii ya Waarabu wa Tabora na wa wanajeshi wastaafu, ianze kukusanya simulizi sasa, maana waliozisikia kutoka kwa babu zao wanazidi kupungua na hawatasubiri ukarabati. Madiwani watenge kifungu hicho cha paa katika bajeti ijayo, hata kiwe kidogo kiasi gani.

Kati ya hayo matano, mawili hayahitaji fedha yoyote: tamko na makubaliano. Yaanze hayo. Naomba jibu la maandishi kutoka kwa kila ofisi, lichapishwe kama barua hii ilivyochapishwa, na litaje tarehe ya kikao cha kwanza kitakachowakutanisha wote watano. Kikao hicho kifanyike Tabora, ndani ya Boma lenyewe, ili wanaoamua hatima yake waamue wakiwa wamelitazama.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi